Mama Mguu na Suruali za Kiberiti

Mjue kwanza kwamba jina la Mama Mguu hakupewa na wazazi wake, wala mguu wenyewe hauna ajabu yoyote. Anayo miwili kama wewe, na usiulize zaidi ya hapo, maana mume wake yuko karibu na hasira zake zipo karibu zaidi. Jina alipewa kwenye yadi ya mbao ya kaka yake, kwa sababu ya sauti.

Kaka mtu ni seremala. Yadi yake iko nyuma ya karakana ya shemeji yake, mume wa Mama Mguu, wametenganishwa na uchochoro tu, na kila Jumamosi jioni mbao zinasogezwa pembeni ili watu wazima, wenye kazi zao na familia zao, waje kufanya jambo ambalo mtu mwenye akili timamu hawezi kulieleza nyumbani akaeleweka. Wanapanda baiskeli juu ya vitu visivyopandwa na baiskeli: magogo, mapipa yaliyolazwa, vipande vya zege, ngazi isiyokwenda popote. Hawashindani mbio. Mtu anaweza kusimama juu ya pipa akitetemeka mpaka chai yako ikapoa, na hakuna atakayemharakisha. Ole wake tu akishusha mguu. Kila mguu unaogusa chini, au unaogusa gogo, ni kosa, na mwenye miguu michache ndiye bingwa.

Anayeiona hiyo miguu ni Mama Mguu. Ni fundi cherehani. Wiki nzima macho yake yanakaa kwenye ncha ya sindano, kwa hiyo kisigino cha mtu mzima hakimpiti. Anakaa kwenye kigoda chake, mikono mapajani, kimya, halafu ghafla: "Mguu!" Njiwa wote wa kwenye mabati wanahama. Walimchagua awe mwamuzi kwa sababu mume wake anapanda na kaka yake anapanda, na kila mmoja anaapa kwamba anampendelea mwenzake. Wenzao wakaona huyo ndiye wa haki.

Tabia ikamfuata mpaka nyumbani. Mgeni akikanyaga mkeka na viatu, "Mguu!" Mteja mmoja aliyekuja kupimwa gauni aliruka nusura achomwe na pini.

Sasa mume. Huyo ni fundi wa kuchomelea. Mageti na madirisha ya nusu ya mtaa ni kazi ya mikono yake. Ni mfupi, mwepesi, na ukimgusa anawaka, ndiyo maana wakamwita Kiberiti. Jioni, badala ya kupumzika kama waume wa watu, anachomelea baiskeli za mchezo ule. Fremu iko chini, kiti hakuna kabisa, maana hakuna anayekaa, na magurudumu ni madogo kama ya baiskeli ya mtoto wa shule. Kiberiti akisimama juu ya pedali, akabana breki, akajikunja, basi aliruka kama chura, tap! kutoka chini mpaka juu ya pipa, bila kuanza na mbio. Mama Mguu alimwona akifanya hivyo kabla hawajaoana, na huwa anasema kwamba hilo ndilo lililomponza.

"Gurudumu dogo, akili kubwa," Kiberiti alipenda kusema, na aliyesema kinyume aliambiwa akatafute mchezo wa bao.

Aliyesema kinyume alikuwa shemeji yake. Yule seremala wanamwita Mlingoti, na ukimwona hutauliza kwa nini. Juu ya baiskeli ndogo alijikunja kama mtu anayetafuta pini sakafuni, magoti yakigonga usukani. Siku moja akaja yadini na baiskeli yenye magurudumu makubwa, mapana, yanamfika karibu na kiuno.

"Hiyo ni baiskeli au ngazi?" aliuliza Kiberiti.

"Cheka tu, shemeji. Wewe kila kitu lazima ukiruke. Mimi vingine navipanda taratibu, gurudumu lenyewe linamaliza kazi."

"Na uzito wake? Ukitaka kugeuka juu ya pipa utaomba kibali?"

"Uzito upo. Lakini linashika, na halizami kwenye kila kijishimo."

Wakaanza hapo, na hawakumaliza. Walibishana yadini, walibishana karakanani, walikuja kubishana mezani kwa Mama Mguu. Mara moja Mlingoti alichukua sinia na Kiberiti akachukua kisahani, wakaviviringisha mezani kuelekea mkate. Kisahani kiligonga mkate kikalala chali. Sinia likaupanda, likashuka upande wa pili, likaangusha birika.

"Mkate si gogo!" alipiga kelele Kiberiti, chai ikimchuruzikia magotini. "Na nawaambia nyote mliopo hapa, siku mtakayoniona juu ya gurudumu kubwa, niiteni shangazi!"

"Shangazi amefanya nini?" aliuliza Mama Mguu, ambaye ni shangazi wa watoto wote wa Mlingoti, na anajivunia. Alikusanya vipande vya mkate, akawaambia wote wawili kwamba kuanzia leo watakula wamesimama.

Maneno yale ya shangazi yakavuka uchochoro kabla birika halijaokotwa. Yadi nzima ikayajua.

Halafu magoti yakaja. Magoti hayapigi hodi. Katika yadi ile kuna kizuizi kimoja kikubwa, vipande vya zege vilivyopandanishwa na gogo nene juu yake. Kiberiti ndiye aliyekipa jina la Mama Mkwe, kwa sababu, alisema, hakuna anayempita pale bila kuaibika. Mlingoti alinuna, maana mama mkwe wa Kiberiti ni mama yake mzazi, lakini jina likashika. Basi Jumamosi moja Kiberiti akajikunja mbele ya Mama Mkwe, akaruka, goti la kulia likalia kama kuni kavu, akaenda chini na baiskeli juu yake. Mama Mguu hakupiga kelele ya mguu siku hiyo. Alipiga kelele nyingine.

Daktari alilibonyeza goti, akalibonyeza na lile jingine. "Kuruka basi, mzee," alisema. "Kutembea ruhusa, baiskeli ruhusa. Kuruka, hapana."

Kiberiti alitoka pale akichechemea. "Ameniita mzee," alimwambia mkewe njia nzima. Goti hakulitaja.

Kukaa kwake nyumbani kulikuwa msiba. Mama Mguu alimpenda mume wake, jamani, msimwelewe vibaya, lakini alimpenda akiwa karakanani. Sasa alikaa kwenye kochi, mguu juu ya mto, akiongoza dunia. Alizipanga upya nyuzi za mkewe kwa unene badala ya rangi. Aliitia cherehani mafuta ya cheni, na gauni jeupe la mteja likatoka na madoa mgongoni kama chui. Alirekebisha mlango wa jikoni uliokuwa ukifungika vizuri, na tangu hapo ukawa haufungiki.

"Huoni nimekusaidia?" aliuliza.

"Naona, baba. Naona mpaka machozi."

Hayo angeyavumilia. Lililomshinda lilikuwa pale kelele zilipokwisha. Baiskeli ndogo ilitundikwa ukutani sebuleni, na Kiberiti akawa haitazami. Alihamisha hata kochi ili aipe mgongo. Mtu aliyekuwa akiwaka kwa neno moja sasa ukimwambia gurudumu dogo halifai anasema, "Labda." Labda! Mama Mguu aliposikia hilo neno kinywani mwa mume wake alikwenda jikoni akasimama tu, kwa sababu aliona wazi kwamba akiacha kupanda, huyu mtu atazimika, na atakayebaki naye kwenye kochi atakuwa mtu mwingine anayefanana naye.

Alijaribu kwa upole. "Kaka anasema na gurudumu kubwa huruki sana. Unaweza—"

"Kaka yako aseme na mbao zake."

Sikio la kufa halisikii dawa. Kiberiti alirudi karakanani goti lilipotulia, na siku hiyohiyo akatangaza kwamba atapanda Jumamosi ya mashindano ya mwaka, mara ya mwisho, na baiskeli yake ndogo, kisha ataitundika moja kwa moja. Mlingoti, ambaye ungedhani atafurahi, alikuja kumwona dada yake akiwa amenyong'onyea. "Sasa nitabishana na nani?" aliuliza.

Mambo yakaenda hivyo mpaka siku ya kufua. Mama Mguu alikuwa anageuza suruali ya kazi ya mume wake akaona makalioni pamechakaa. Alitazama tena, maana nguo kwake ni kama barua. Suruali ya mtu anayekaa sana huchakaa sehemu mbili, kushoto na kulia, unajua mwenyewe kwa nini. Hii ilikuwa imelika katikati, mstari mmoja ulionyooka, na pembeni mwa mstari palikuwa na weusi usiotoka kwa sabuni. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea. Amekalia nini huyu? Kwa nani?

"Baba, suruali hii imefanya nini?"

Kiberiti alikohoa. "Nilikalia msumeno."

"Ukaendelea kukaa?"

"Nilikuwa na mawazo."

Siku chache baadaye, suruali ya pili. Mstari uleule. Safari hii kisingizio kilikuwa msasa. Mama Mguu aliipeleka dirishani penye mwanga, akakivuta kitambaa, na ndani ya ule weusi akaona vialama vidogo vidogo vimejipanga kama meno. Alivijua. Amekaa kwenye kigoda chake yadini akivitazama vikipita kila Jumamosi. Lilikuwa tairi.

Akawaza polepole, kidole kwenye ule mstari. Mume wangu akiwa juu ya baiskeli yake ndogo, hata ajikunje vipi, gurudumu la nyuma liko mbali kule chini, halimfikii. Ili tairi limkwangue mtu mfupi hivi makalio, lazima liwe juu sana. Lazima liwe kubwa.

Alikaa chini akacheka. Alicheka mpaka jirani akachungulia akidhani kuna msiba. Kumbe ndiyo maana kila asubuhi anawahi kutoka, ati anakwenda kununua vijiti vya kuchomelea, na vijiti vyenyewe havionekani! Kumbe lile turubai kule nyuma ya karakana, alilomkataza kulifunua kwa sababu "kuna rangi mbichi"! Rangi gani isiyokauka mwezi mzima?

Alipomaliza kucheka akafuta macho na akaona tatizo. Siri hii isingetoka yenyewe. Kiberiti angependa kumeza spana kuliko kuitwa shangazi mbele ya Mlingoti. Angekuja Jumamosi na ile ndogo, angeruka, goti lingemmaliza, na baiskeli kubwa ingeozea chini ya turubai. Mama Mguu naye hangeweza kumwambia, maana mume ukimvua nguo mwenyewe, aibu ni yenu wote wawili.

Basi alifanya alilolijua. Alichukua kipande cha ngozi kilichobaki kwenye begi la mteja, akakikata kirefu, chembamba juu na kipana chini, akakishona katikati ya makalio ya suruali zote mbili kwa uzi wa kushonea viatu. Akazipiga pasi, akazikunja, akaziweka kitandani, akanyamaza. Kiberiti alizivaa. Alikipapasa kiraka kwa nyuma, akamtazama mke wake, na mke wake alikuwa ameshughulika mno na upindo wa pazia.

Jumamosi ilifika na watu wakajaa mpaka juu ya mirundo ya mbao. Mlingoti alipita mapema, miguu miwili, akashangiliwa. Kiberiti akaja na baiskeli yake ndogo, kichwa juu, kama mtu anayekwenda kupigwa picha.

Gogo la kwanza alilipita. Pipa akaliruka, na uso wake ukakunjamana. Ngazi: "Mguu!" Tena: "Mguu!" Neno lile hakulitaka, lakini alilisema, maana mguu ulikuwa mguu. Kisha Kiberiti akafika mbele ya Mama Mkwe, akasimama juu ya pedali, akajikunja. Akakaa hapo amejikunja. Goti la kulia lilitikisika, na yadi nzima ikaliona.

Akashuka. Mashindano yameisha, watu wakadhani. Mmoja akaanza hata kupiga makofi ya kuaga. Kiberiti alisimama ameshika usukani, macho chini, hajui aende wapi. Mama Mguu akainuka kwenye kigoda, jambo ambalo mwamuzi hafanyi.

"Baba," alisema, na kwa sauti ile hakuna aliyekosa kusikia. "Ngozi niliyokushonea huko nyuma ni ngumu, imenivunjia sindano. Sikuishona kwa ajili ya kukalia kochi."

Kiberiti alimtazama. Mkono wake ukaenda wenyewe nyuma, kwenye kiraka. Halafu akaitupa ile ndogo chini, akavuka uchochoro akichechemea, na yadi ikamsikia akipambana na turubai na kulitukana. Alirudi akisukuma baiskeli mpya, fremu yake ya chini kama kawaida, uchomeleaji safi, na magurudumu makubwa, meusi, mapana.

Mlingoti alikuwa ameinuka juu ya rundo la mbao, mashavu yamevimba, machozi yanamlengalenga.

"Sema, shemeji," alisema Kiberiti. "Sema usije ukapasuka."

"Sijasema kitu," alisema Mlingoti kwa shida kubwa. "Panda kwanza."

Akapanda. Hakuruka. Aliliacha gurudumu la mbele liende lenyewe kwenye zege la kwanza, nalo likalipanda kama vile lile sinia lilivyoupanda mkate. Akasukuma pedali, zege la pili. Kila alipojikunja, tairi la nyuma lilisugua ngozi, krrr, na watu wakaanza kucheka, naye akawapigia kelele wanyamaze, huku akipanda. Gurudumu la mbele likafika juu ya gogo. Likashika. La nyuma likafuata, krrr, na Kiberiti akawa juu ya Mama Mkwe, anayumba, mikono imekaza, na uso wake ulikuwa umewaka kama zamani.

Hapo akayumba kushoto. Ncha ya kiatu ikagusa gogo. Iligusa kidogo sana, kama mtu anayeonja joto la maji, ikarudi kwenye pedali.

Hakuna aliyeona. Kelele za shangwe zilikuwa zimeshaanza. Mama Mguu aliona, kwa sababu yeye huona, na Kiberiti alijua kwamba ameona, kwa sababu badala ya kushuka alibaki pale juu akiyumba na kumkodolea macho.

Ungefanyaje wewe? Ni mume wako, ana goti bovu, ameyala matapishi yake mbele ya mtaa mzima. Mama Mguu anyamaze tu mara moja, nani atajua? Lakini alifahamu kwamba yule pale juu atajua. Mwamuzi hafumbii macho mpanda baiskeli. Anayefumbiwa macho ni mzee anayehurumiwa. Kumnyamazia leo ni kumvika kilemba cha ukoka na kumrudisha kwenye kochi.

"MGUU!"

Njiwa waliondoka na hawakurudi jioni ile.

"Mguu gani?" Kiberiti alilipuka palepale juu ya gogo. "Mguu gani, mwanamke? Umelala? Hicho ni kiatu, hakijagusa hata gome! Nilijua tu, unampendelea kaka yako, tangu nikuoe unampendelea kaka yako!"

Alishuka upande wa pili kwa magurudumu yote mawili huku bado anafoka, akaja mpaka mbele ya kigoda, mate yanaruka, mishipa ya shingo imesimama, na Mama Mguu alimtazama akajisikia vizuri kuliko siku ya harusi yake.

"Shangazi!" Mlingoti aliita kutoka juu ya mbao, sauti imemkauka kwa kicheko. "Shangazi, mwamuzi habishiwi!"

Yadi nzima ikavunjika mbavu. Kiberiti aligeuka, akamnyooshea kidole shemeji yake. "Na wewe! Hilo gurudumu lako limejaa upepo mwingi, ndiyo maana linadunda! Kubwa linataka upepo kidogo, hujui hata kutumia kitu ulichokileta! Njoo karakanani nikuonyeshe!"

Jina la shangazi lilimganda, bila shaka, na sasa watoto wa Mlingoti wana mashangazi wawili. Ukimuuliza leo juu ya magurudumu, atakuambia kwamba yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuona faida ya makubwa, ila watu hawakumwelewa. Dogo linaruka, kubwa linapanda, anasema. Mwenye magoti mapya achague dogo, na mtu mfupi akitaka kubwa basi kwanza aoe fundi cherehani.

Lakini Jumapili ile, asubuhi, hakutaka kusema na mtu. Alikuwa bado anadai kiatu hakikugusa. Alikunywa chai yake amempa mkewe mgongo, akaitundua baiskeli ndogo, iliyokuwa imerudishwa ukutani usiku, akaipeleka uani, akarudisha kochi mahali pake. Kisha akaingia chumbani, akatoka na suruali zake zote, hata ile ya kuendea harusini, akazibwaga juu ya cherehani.

"Kiraka," alisema bila kumtazama. "Na safari hii kiwe kipana."